Kiapo cha Jina

Alikuja Jumanne, vumbi la Agosti limemkaa kwenye kope,
bahasha ya kaki kwapani, hati ya kifo ndani yake.
Benki ilikwisha kumrudisha mara mbili:
marehemu ni Lee, wewe ni Yi,
udugu wenu uko wapi?

Mimi ni mpiga chapa wa wakili Mazoya,
Barabara ya Nane, mlango wa kijani, jirani na fundi saa.
Elfu kumi kiapo, muhuri juu yake.
Kutwa naandika kwamba watu ni wao wenyewe:
kwamba Rahema wa cheti ndiye Rehema wa kitambulisho,
kwamba Ng'humbi ndiye Nghumbi
aliyedondosha ritifaa njiani.

"Jina la ukoo?"
"I," akasema.
Nikangoja. Nilidhani anasita.
"I," akarudia, kama mtoto anayesomeshwa irabu ubaoni,
a, e, i, halafu kengele ikalia.

Nikaandika I.
Mfumo ukagoma: jina halipungui herufi mbili.

Akaomba kalamu. Nyuma ya risiti ya basi
akachora duara, na kando yake kijiti kimesimama.
"Hili ndilo. Hayo mengine yote ni hili.
Kaka alikata pasipoti kwa karani mwenye haraka: Lee.
Mimi nikaangukia kwa karani msomi: Yi.
Shangazi yuko ng'ambo, huko ni Rhee,
na ile R aliiokota wapi hatujui,
hata akiwa na hasira haitamki.
Jirani yetu Pak, huko nje ni Park,
kama mtu anayepaki gari."

Nilikuwa bado naangalia ile risiti.
Kwa macho ya mtu wa Hombolo
ilikuwa zabibu moja na nguzo yake.
Sikumwambia.

Nilimwambia la baba yangu.
Baba ni Chipanha, na ile nh
haisemwi kwa ulimi, inapita puani
kama pumzi ya mtu anayepuliza moto kwa ndani.
Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Chipanya,
nikachekwa miaka saba, nikatupiwa na punje za mahindi.
Kitambulisho kikaja na Chipana.
Kiapo changu mwenyewe sijakiandika.
Mganga hajigangi, na elfu kumi ni elfu kumi.

Nikamwambia pia: huko Mpwapwa
wazee walisema Mhamvwa,
mgeni mwenye daftari akasikia alivyosikia,
na leo ndivyo inavyoandikwa kwenye kibao cha barabarani.
Nani amwapishe mji?

Akatoa simu. Picha ya pampu huko Mvumi,
moja ya visima alivyochimba kaka yake.
Kwenye zege, kwa rangi nyekundu, mkono wa fundi fulani:
MZEE LII 2009.
"Na hili," akauliza, "niliweke?"

Nikaandika, vidole vikienda polepole kuliko kawaida:
Kwamba Lee, Yi, Rhee na Lii
ni jina moja la mbeyu moja,
na kwamba aliyelichukua kwa mara ya mwisho amezikwa.
Sentensi ya pili wakili aliikata.

Kwenye sahihi akaweka duara na kijiti.
Mazoya akainua miwani. "Hii nini?"
"Jina."
Muhuri ukashuka, duara juu ya duara,
wino ukavuja kidogo upande wa kijiti.

Nilipompa risiti alisoma jina langu kwa sauti.
Mara ya kwanza panya. Mara ya pili pana.
Mara ya tatu ilimtoka kama chafya
na tukacheka, yeye akishika meza,
mfiwa na mpiga chapa, mbele ya foleni nzima.

Benki hufunga saa tisa.
Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.
Nilimwona akivuka barabara, bahasha kichwani kukinga jua.
Kama walimkubalia, sijui.
Ile risiti ya basi aliisahau kwenye meza yangu.